Je, wajua kwa nini daraja lililobebeshwa maduka ya dhahabu halijaporomoka tangu 1345?

Picha yake niliiona kwanza kwenye kalenda iliyopitwa na wakati, kwa fundi saa mmoja ambaye hatupi kalenda yenye picha nzuri. Daraja la mawe, matao matatu, na juu yake maduka yamepangana bega kwa bega, kuta za manjano na za rangi ya machungwa. Vyumba vya nyuma vimechomoza nje ya daraja, vinaning'inia juu ya mto vikiegemea miti. Nikatoa hukumu papo hapo, kwa sauti: "Hawa walijenga kiholela. Siku moja mzigo huu utalivunja daraja."

Benchi la wateja lilikuwa na mzee mmoja, fundi muashi, anasubiri saa yake. Hakunicheka. Aliuliza tu kama nimewahi kuona tao likivunjika kwa kulemewa. Sikuwa nimewahi, na ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kulitazama tao lolote kwa makini.

Daraja hilo ni Ponte Vecchio, yaani Daraja la Kale, katika mji wa Firenze nchini Italia. Limevuka mto Arno pale mto unapokuwa mwembamba zaidi mjini, na lilikamilika mwaka 1345. Kuhusu aliyelibuni, Giorgio Vasari, msanifu na mwandishi wa karne ya 16, alimtaja mchoraji Taddeo Gaddi. Wanahistoria wa leo wengi wanaitilia shaka kauli hiyo, na baadhi wanamtaja Neri di Fioravante. Vasari aliandika zaidi ya miaka 200 baada ya tukio, basi mwenye kushuku ana haki yake.

Madaraja yenye maduka hayakuwa kioja enzi hizo. London ilikuwa nalo, Paris ilikuwa nayo kadhaa, Venezia inalo mpaka leo, na mjini Erfurt, Ujerumani, kuna daraja la mawe la mwaka 1325 lenye nyumba 32 ambazo bado zina wakazi. Ardhi ndani ya kuta za mji ilikuwa ghali, na daraja ndipo mahali ambapo kila mpita njia hana budi kupita. Mfanyabiashara gani angeliacha wazi? Ajabu hasa ni kwamba mawe yanayabeba yote hayo bila kulalamika.

Kosa langu lilikuwa kulifikiria daraja la mawe kama rafu ya mbao. Rafu ukiijaza inapinda, ukiizidishia inakatika. Boriti za mikoko kwenye dari za nyumba za kale za Lamu na Unguja zinatii kanuni hiyo hiyo, ndiyo maana vyumba vile ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba ulipangwa na urefu wa boriti, si na matakwa ya mwenye nyumba. Kitu kilicholazwa na kushikwa ncha mbili kinapolemewa, upande wake wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa. Mti unastahimili kuvutwa. Jiwe halistahimili. Lakini kwa kubanwa jiwe ni jabari: ukitaka jiwe zuri la kujengea lisagike kwa uzito tu, ungelazimika kurundika juu yake nguzo ya mawe ya aina hiyo hiyo yenye urefu unaozidi kilomita 1. Duka la sonara, hata likiwa na ghorofa na kasha la chuma, halifiki popote karibu na hapo.

Kazi yote ya tao, basi, ni ujanja wa kuhakikisha jiwe linabanwa na halivutwi.

Unaweza kuujaribu ujanja huo nyumbani. Panga vitabu kumi mezani kama vilivyo kwenye kabati la vitabu, vibane ncha mbili kwa viganja, kisha inua. Mstari mzima unanyanyuka, na vitabu vya katikati vinaelea hewani bila chochote chini yake. Hakuna gundi, kinachovishika ni msukumo wa viganja vyako. Legeza mkono mmoja kidogo na vyote vinamwagika miguuni. Kwenye tao, mawe ndiyo vitabu, na kingo za mto ndizo viganja. Tofauti ni moja tu, na ndiyo iliyonichukua muda kuielewa: kwa vitabu, anayebana ni wewe. Kwa tao, kinachobana ni uzito wenyewe. Kila jiwe limechongwa kama kabari, pana juu na jembamba chini. Ukilikandamiza, haliwezi kudondoka, linazidi kujikaza katikati ya wenzake, nao wanaupokea msukumo na kuusogeza kwa jirani, jiwe hadi jiwe, mpaka unaishia kwenye nguzo na kwenye ukingo. Duka juu ya tao la mawe, kwa hiyo, ni mkono mwingine unaobana vitabu.

Nilipolielewa hilo nilitaka kukimbia mpaka kwa fundi saa kutangaza kwamba maduka ndiyo yanayolishikilia daraja. Nalo si sahihi. Tao linasimama bila duka hata moja, na madaraja mengi matupu yamedumu kuliko hili. Tena uzito unafaa ukigawanyika vizuri. Ukikandamiza bega moja tu la tao, bega la pili hutaka kunyanyuka, na hapo mawe huanza kufunguka kwenye maungio. Maduka ya Ponte Vecchio yamepangwa pande zote mbili za njia, yakiacha uwazi katikati ambapo mpita njia anautazama mto, kwa hiyo mzigo hauko sawasawa kila inchi. Tunachoweza kusema bila kujitia kitanzi ni hiki: uzito uliotulia mahali pamoja kwa karne nyingi si tishio kwa tao zito, na mkokoteni uliojaa mawe unaopita juu yake ni sawa na inzi juu ya ng'ombe.

Linganisha na Venezia. Daraja la Rialto la mbao, nalo lilikuwa na maduka, liliporomoka mwaka 1444 kwa kuelemewa na umati uliojazana kutazama msafara wa mashua wa harusi ya mtawala wa Ferrara. Yaani hukumu yangu ya kwenye kalenda ilikuwa sahihi kabisa, ila kwa daraja jingine. Walipolijenga upya kwa mawe, kati ya 1588 na 1591, kwa tao moja la takriban mita 28, waliweka safu mbili za maduka juu yake, na bado zipo.

Sasa turudi Firenze, maana matao ya Ponte Vecchio si matao ya kawaida.

Chukua chapati. Ikate katikati, usimamishe nusu moja kwa upande uliokatwa: hilo ndilo tao la Kirumi, nusu duara. Uzuri wake ni kwamba linashuka wima kwenye nguzo zake, kwa hiyo msukumo mwingi unakwenda chini. Ubaya wake ni urefu. Tao la nusu duara lenye upana wa mita 30 lazima lipande mita 15. Juu ya mto wa mjini hilo ni mlima: punda atalia, mkokoteni utarudi nyuma, na duka litalazimika kusimama kwenye mteremko. Dawa ya zamani ilikuwa kujenga matao mengi madogo, na matao mengi maana yake ni nguzo nyingi mtoni.

Chukua nusu ya pili ya chapati, lakini safari hii kata kipande kidogo tu cha ukingoni. Kipande hicho ni kipana lakini kimelala. Hilo ndilo tao la Ponte Vecchio. La katikati lina upana wa mita 30, yale mawili ya pembeni takriban mita 27 kila moja, na kimo chake ni kati ya mita 3.5 na 4.4 tu. Daraja linabaki karibu tambarare, maduka yanasimama sawa, na mto unapata milango mitatu mipana.

Bei ya raha hiyo inalipwa pembeni. Umeshawahi kuegemeza ngazi ukutani? Ikisimama karibu wima, mguu wake unakandamiza sakafu na mambo yameisha. Ilaze kidogo, mguu unaanza kutaka kuteleza nje. Ilaze zaidi, na mtu lazima aukanyage la sivyo aliyepanda atashuka haraka kuliko alivyokusudia. Tao lililolala ni ngazi mbili zilizolala zikiegemeana vichwa. Kwa tao la namna hii, ukipunguza kimo chake kwa nusu, msukumo wa kwenda pembeni unakuwa takriban maradufu. Juu ya kila nguzo ya mtoni matao mawili yanasukumana, moja kulia na jingine kushoto, kwa hiyo yanakaribia kufutana. Kwenye ncha mbili za daraja hakuna jirani wa kujibu. Ni ukingo wenyewe unaosukumwa, mchana na usiku, tangu 1345. Ukingo ukisogea hata kidogo, vitabu vinamwagika. Kwa hiyo ukitaka kuwastaajabia mafundi wa Firenze, usitazame madirisha ya dhahabu. Tazama pale daraja linapoingia ardhini, mahali ambapo hakuna mtalii anayepiga picha.

Utasoma mahali pengi kwamba hili ndilo daraja la kwanza duniani la aina hii. Sivyo. Daraja la Anji huko Zhaozhou, China, lilijengwa na Li Chun kati ya miaka 595 na 605, lina tao moja lililolala lenye upana wa mita 37 hivi, na bado limesimama. Warumi nao walikuwa nayo machache. Kwa Ulaya ya zama za kati Ponte Vecchio ni hatua kubwa sana, na sifa hiyo inatosha bila kuongezewa chumvi.

Kwa nini wajipe taabu yote ya kupunguza nguzo? Kwa sababu adui wa daraja la mawe, mara nyingi sana, yuko chini yake na si juu yake. Daraja lililotangulia mahali pale lilibebwa na mafuriko mwaka 1117. Lililofuata lilibebwa tarehe 4 Novemba 1333. Mwandishi wa kumbukumbu za mji, Giovanni Villani, aliyekuwa hai wakati huo, anaeleza jinsi maji yalivyolisomba, zikabaki nguzo mbili za kati, na hata sanamu kuukuu ya Mars, mungu wa vita wa Warumi, iliyosimama penye daraja ikaangukia mtoni. Maji ya kasi huchimba mchanga kuzunguka mguu wa nguzo mpaka nguzo inakosa pa kukanyaga. Pia huleta magogo. Yeyote aliyeona kalavati likizibwa na matawi na takataka wakati wa masika anaujua mwisho wake: maji hayasubiri, yanapita na barabara nzima.

London walijifunza kwa njia ngumu. Daraja lao la kale, lililojengwa kati ya 1176 na 1209, lilikuwa na matao madogo 19 na nyumba juu yake. Nguzo zilijaza mto kiasi kwamba daraja lilikuwa nusu daraja, nusu bwawa. Maji ya upande mmoja yalisimama juu kuliko ya upande wa pili, na kupita chini yake kwa mashua ilikuwa kazi ya wenye roho ngumu. Katika majira ya baridi ya 1281–82 matao matano yalianguka. Nyumba hazikuyaangusha. Barafu ya mto ndiyo iliyoyasukuma. Nyumba zenyewe ziliondolewa baadaye sana, kuanzia 1758.

Nilikosea kuhusu mzigo. Je, kuhusu "kiholela"? Hapo nilikosea nusu. Maduka yalikuwemo tangu mwanzo: yalijengwa kwa mpangilio, mali ya mji, nao mji ukakusanya kodi. Mwaka 1495 yakauzwa kwa watu binafsi, na mwenye duka, popote duniani, akishakuwa mwenye duka huanza kutafuta mita moja ya ziada. Mbele kuna njia ya watu, juu kuna jirani, kwa hiyo wakapanuka nyuma, hewani, juu ya maji, kwa vyumba vilivyobebwa na miti iliyochomekwa ukutani na kuinamia nje. Vile vyumba nilivyovishangaa kwenye kalenda havikuwamo kwenye daraja la 1345, na havikai juu ya tao. Vinaning'inia, kama boriti, kwa kanuni ya rafu.

Wala dhahabu haikuwamo. Wapangaji wa mwanzo walikuwa wa kila namna, na mwaka 1442 wakuu wa mji wakaamuru wauza nyama wote wakusanyike pale. Lilikuwa daraja la mabucha. Mantiki yake haina kasoro: damu, mifupa na matumbo dirishani, pwaa, mto unachukua. Aliyeishi upande wa chini wa mto labda alikuwa na maoni yake.

Kisha ukaja ushoroba. Mwaka 1565 mtawala Cosimo I wa ukoo wa Medici alimwagiza Vasari, yule yule, ajenge njia ya juu kutoka jumba la serikali la Palazzo Vecchio hadi makazi yake ng'ambo ya mto, Palazzo Pitti, ili yeye na jamaa zake wapite bila kukanyaga barabara moja na raia. Ilikamilika kwa takriban miezi 5, ikiwahi harusi ya mwanawe Francesco na Giovanna wa Austria. Mtu wa Lamu angeitambua mara moja: ni wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ila hili lina urefu wa karibu kilomita nzima na limepanda juu ya paa za mabucha. Kwenye ncha ya kusini ya daraja lilikutana na mnara wa ukoo wa Mannelli, wenyewe wakakataa ubomolewe, na ushoroba wa mtawala ukalazimika kuuzunguka mnara huo ukishikwa na mikono ya mawe. Kona hiyo ipo hadi leo, na kwangu ndiyo sehemu ya kuchekesha kuliko zote.

Sasa fikiria kupita kila siku juu ya mabucha wakati wa joto. Mwaka 1593 mtawala Ferdinando I, mwana mwingine wa Cosimo, aliwatimua wauza nyama, akaagiza wabaki masonara na wauza vito tu. Husemwa ni kwa sababu ya uvundo, na bila shaka uvundo ulikuwepo. Lakini daraja la dhahabu pia lilipendeza mbele ya wageni kuliko daraja la maini. Masonara hawajaondoka tangu hapo. Usiku maduka yao hufungwa kwa mbao nzito zenye vyuma na misumari mikubwa, na njia nzima inafanana na makasha ya Unguja yaliyopangwa mstari.

Kuna hekaya nyingine ambayo viongozi wa watalii wanaipenda: kwamba mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa madeni alivunjiwa meza yake hapo darajani, na ndipo likazaliwa neno la Kiitaliano la kufilisika, ambalo kweli limeundwa na meza na kuvunjika. Meza na kuvunjika, sawa. Kwamba ilikuwa meza ya daraja hili hasa, hakuna ushahidi wa maana. Neno letu la kufilisi limetoka Kiarabu, kwenye fulusi, na halidai kuwa lilizaliwa darajani.

Agosti 1944 jeshi la Ujerumani, likirudi nyuma, lililipua madaraja mengine yote ya mji juu ya Arno. Ponte Vecchio likaachwa, lakini nyumba za pande zake mbili zikaangushwa ili kifusi kizibe njia. Nani aliliokoa? Wengine humtaja Hitler mwenyewe, wengine balozi mdogo wa Ujerumani mjini humo, Gerhard Wolf, ambaye Firenze ilimpa heshima ya uraia. Wanahistoria hawajakubaliana.

Mtihani uliotengenezewa daraja hili ulikuja tarehe 4 Novemba 1966, siku ile ile ya mwezi kama mwaka 1333. Katika baadhi ya mitaa maji yalipanda kupita mita 6. Usiku masonara waliamshwa na kukimbilia kuokoa walichoweza kubeba. Arno ulikuja na magogo na mapipa, ukayapiga maduka kwa nyuma, ukatoboa kuta na kutoka upande wa pili, mchana ukikuta mengine yamebaki matundu ambayo ungeweza kuona mto kupitia kwayo. Matao matatu hayakusogea.

Nilimpelekea mzee muashi picha ya asubuhi hiyo, kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili, akapita juu ya matao bila kusimama, akasimama kwenye vyumba vya nyuma vilivyopasuliwa, ile miti ikiwa imechomoza peke yake. "Hivi ndivyo ulivyokuwa unavisema wewe," akasema, akanirudishia simu.